Njia Ni Haki ya Nani?

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, ikaingia katika safu ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Watu wake walifurahi, na furaha hiyo ni haki yao. Lakini sisi wa pwani, ambao miji yetu ilikuwa miji kabla reli haijapanda bara, yatupasa tujiulize swali ambalo hati ile haikulijibu. Mji hufanywa mji na nini? Je, ni waraka wenye muhuri, au majumba marefu, au wingi wa watu? Swali hili huonekana wazi zaidi katika mtaa mmoja wa jiji hilo, uitwao Langas, nao ndio tuliotaka kuuzungumza leo.

Eldoret si mji wa kale. Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini walifika katika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908, na mwaka 1910 ikafunguliwa posta katika shamba lililohesabiwa namba 64. Ndiyo sababu hata leo wenyeji huuita mji huo Sisibo. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Mji ule ulipimwa kwa ajili ya walowezi. Mwafrika alihesabiwa ndani yake kuwa mtu wa kazi, ajaye asubuhi na kutakiwa aondoke jioni, wala hakuhesabiwa kuwa mtu atakayezaa, atakayezeeka na atakayezikwa hapo. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta watu 475,716 katika mji huo. Basi mji uliopimwa kwa wachache umekuja kukaliwa na karibu nusu milioni, na wengi wao wakaao ni katika mahali ambapo hapakupimwa na yeyote.

Langas iko upande wa kusini, kando ya njia iendayo Kisumu. Ardhi yake ilikuwa shamba la mlowezi. Baada ya uhuru ilinunuliwa, ikagawanywa, na waliogawiwa wakawakatia wengine vipande vidogo vidogo. Wakati huo ilikuwa nje ya mipaka ya mji, na mipaka ilipopanuliwa, mji uliwakuta watu wamekwisha jenga. Mnunuzi alipewa karatasi ya mapatano yenye sahihi za mashahidi, wala si hatimiliki, na habari ya nani mwenye ardhi kwa sheria imekuwa kesi za miaka mingi. Hatusemi haya kwa kuwalaumu walionunua. Mtu aliyetoka kijijini kutafuta kazi, akakuta milango ya mji imefungwa, na akanunua kipande kwa jasho lake, hakumdhulumu mtu. Lakini yatupasa tuseme kweli: aliyekata ardhi alipima cha kuuza, na kisichouzwa hakikupata mpimaji. Njia pana, mfereji wa maji machafu, uwanja wa skuli na makaburi, vyote hivyo havina mnunuzi mmoja, na kwa hiyo havikuachiwa nafasi iwatoshayo watu waliokuja.

Pengine msomaji atasema: hayo ni mambo ya uzuri wa mji, nasi tuna haja kubwa zaidi ya uzuri. Twamwomba aangalie habari ya maji. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti juu ya maji wanayotumia watu wa Langas. Ilionekana kwamba watu tisa katika kila kumi walitegemea visima, na kwamba karibu visima vyote vifupi vilivyopimwa vilikuwa na vijidudu vitokanavyo na kinyesi. Sababu haikuwa ngumu kuijua. Watu wengi mno walitumia vyoo vya shimo, viwanja ni vidogo, na choo cha huyu kimekaribiana na kisima cha yule. Kila mmoja amechimba ndani ya mpaka wake. Hakuna aliyevuka ukuta wa mwenziwe, wala aliyemtukana, wala aliyemwibia. Na juu ya hayo mtoto wa jirani anaharisha.

Hapa ndipo lilipo swali letu la wema na ubaya. Watu wengi hudhani kwamba haki ya jirani ni kutomsemea maovu, kumpelekea chakula na kumzuru akiugua. Hayo ni kweli, lakini ni haki ya jirani anayeonekana. Katika mji mkubwa jirani zetu wengi hatuwaoni wala hatuwajui majina. Tunakutana nao chini ya ardhi katika maji, juu ya ardhi katika moshi, na kati ya hayo mawili katika njia. Mtu aweza kuwa mpole kwa kila amwonaye, na nyumba yake ikawadhuru watu hamsini asiowajua. Basi mpango wa mji, ukiondolewa majina yake makubwa, ni haki ya jirani iliyotiwa katika vipimo, ili aitimize hata yule asiyemjua jirani yake.

Jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Kanuni ya kwamba mtu asidhuru wala asilipize madhara kwa madhara, waliishusha mpaka katika matofali. Katika karne ya 14 alikuwako Tunis fundi mjenzi, Ibn al-Rami, ambaye kadhi alikuwa akimpeleka kukagua nyumba zenye mashitaka. Yeye akakusanya katika kitabu kizima hukumu za kuta za ushirika, maji yamwagikayo, moshi, madirisha na njia. Hakuona kwamba kuandika juu ya mfereji ni kazi duni kwa mtu wa elimu. Na kabla yake, Tabari ameeleza kwamba mji wa Kufa ulipojengwa katika mwaka wa 17 wa Hijra, zama za Sayyidna Umar, ziliwekwa kwanza njia: kubwa za dhiraa 40, zinazofuata za 30, nyingine za 20, na vichochoro vya dhiraa 7. Ndipo makabila yakagawiwa mahali pa kukaa. Maana yake ni kwamba kilichokuwa cha wote kilipimwa kabla ya kilichokuwa cha mmoja. Langas imefanywa kinyume: cha mmoja kilipimwa kwanza, na cha wote kikangojea mabaki.

Lakini tusikosee hapa kwa kudhani kwamba dawa ni upana tu. Mtu wa Lamu atatucheka tukisema hivyo. Vichochoro vya mji wake ni vyembamba, punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida, na pamoja na hayo mji huo umeishi karne nyingi, na mwaka 2001 ukaandikwa na UNESCO miongoni mwa urithi wa ulimwengu. Mwenye nyumba mbili zinazoelekeana aliweza kujenga wikio juu ya njia, na chini yake watu wakapita wakijikinga jua. Lililouokoa mji ule ni kwamba kila mtu alijua mpaka wa ruhusa yake: jenga juu, bali usizibe chini, weka baraza, bali mpita njia asinyimwe njia. Wembamba wenye mapatano hukalika. Wembamba usio na mapatano ndio uwazuiao wabebao maiti na mgonjwa, na wenye gari la kuzima moto wakasimama barabarani wakiutazama moshi.

Wala tusidhani kwamba ramani peke yake yatosha. Dar es Salaam ilitengenezewa mipango mikuu mwaka 1949, tena 1968, tena 1979, na bado sehemu kubwa ya watu wake walijenga nje ya mipango hiyo. Nairobi ilichorewa mwaka 1948 mpango wa kuwa mji mkuu wa koloni. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba za Ng'ambo zilivunjwa na majumba marefu ya Michenzani yakainuliwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki. Waliopata nyumba walizipata, lakini mtaa uliokuwa ukijuana mlango kwa mlango haukurudi. Ramani hukosa kwa njia mbili: ama huwasahau watu waliopo, nao wakaipuuza; ama huwaona kuwa ni takataka za kufagiwa, nayo ikawavunjia.

Sasa twaja kwenye shida yenyewe. Tuseme Eldoret imeamua, kama ipasavyo, kupitisha ndani ya Langas njia pana na bomba la maji machafu. Njia haiwezi kupita hewani. Itapita juu ya nyumba ya mtu. Je, ni halali kumvunjia mtu nyumba kwa ajili ya wote?

Watu wa upande mmoja husema: ni halali kabisa, maslahi ya wengi hutangulia maslahi ya mmoja, na tena mtu huyo hana hatimiliki. Twaona kwamba kauli hii ni ya haraka. Yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar alipotaka kuupanua msikiti wa Madina, alimtaka Abbas, ami yake Mtume, aiuze nyumba yake, naye akakataa. Hapana haja iliyo tukufu kuliko hiyo, wala mtawala aliyekuwa na nguvu kuliko huyo. Lakini walikwenda kwa mwamuzi, Ubayy bin Kaab, na mwamuzi akamhukumia Abbas. Alipokwisha kuhukumiwa kwamba nyumba ni yake wala halazimishwi, ndipo Abbas akaitoa kwa hiari bila ya kutaka bei. Kisa hiki chatufunza jambo ambalo wapimaji wengi hawalijui: mtu aliyehakikishiwa haki yake huweza kuwa mkarimu, na mtu aliyetishwa huishikilia hata ile asiyoihitaji.

Watu wa upande wa pili husema: basi asiguswe mtu, kila mmoja abaki alipo. Hii nayo si haki, bali ni kuliacha jambo. Kwani asipoguswa mwenye nyumba, anaendelea kuguswa mtoto anywaye maji ya kisima. Kutotenda pia ni hukumu, nayo humwangukia mnyonge kuliko wote, asiyekuwapo katika baraza kulalamika.

Tumeona mfano wa mambo yote mawili katika mahali pamoja, nako ni Mukuru ya Nairobi. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya kaunti iliitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu. Wakaaji wa kaya kama laki moja waliitwa kwa vikundi, wakashauriwa, na vipimo vya barabara vikapunguzwa ili wachache iwezekanavyo wapoteze nyumba. Jambo hilo lilikuwa jema, nalo lilionyesha kwamba maskini aweza kukaa na mpimaji wakafahamiana. Kisha mwezi wa Novemba 2021, katika Mukuru kwa Njenga, maelfu ya watu walivunjiwa nyumba kwa ajili ya barabara, wakalala nje. Hapo pana funzo. Mashauri yaliyokwisha fanywa hayakumlinda mtu siku tingatinga lilipokuja, kwa sababu mapatano hayakuwa na kifungo cha kumzuia mwenye nguvu.

Basi iko njia ya tatu? Twasema iko, nayo huanza kwa kuuliza: njia ikipita, ni nani apataye faida? Yule ambaye nyumba yake ilikuwa mahali pa njia hupoteza yote. Yule wa nyuma yake, ambaye jana alikuwa ndani ya kichochoro, leo amekuwa mbele ya barabara. Kiwanja chake kimepanda bei, na duka lake limepata wateja, wala hakutoa hata shibiri moja. Dhuluma ya uvunjaji mara nyingi haiko katika njia, bali iko katika mgawanyo huu: hasara ya mmoja na faida ya ishirini. Wanavyuoni wetu wa fikihi wamesema kwa maana kwamba faida huandamana na gharama. Alaye faida ya kitu ndiye abebaye mzigo wake. Basi haki ni kwamba wale ishirini wamege kila mmoja sehemu ndogo ya kiwanja chake, ili yule mmoja apate mahali pa kukaa ndani ya mtaa ule ule.

Hii si ndoto. Mji wa Frankfurt, Ujerumani, uliwekewa sheria ya namna hiyo mwaka 1902. Tokyo, baada ya tetemeko kubwa la 1923, ilipangwa upya kwa njia hiyo hiyo: wenye viwanja walitoa mpaka sehemu moja katika kumi bila ya fidia, kwa kuwa kiasi kilichobaki kilikuwa na thamani zaidi mbele ya njia njema. Mwenye kiwanja cha hatua mia akabaki na tisini, na tisini zile zikawa na maji, njia na mfereji. Hakuna aliyefukuzwa kwa kuwa tu bahati yake ilikuwa mahali mpimaji alipolaza rula.

Lakini hapa pana pingamizi ambalo hatuwezi kuliruka. Watu wengi wa Langas hawana kiwanja. Ni wapangaji wa chumba kimoja: mshona nguo, mwendesha bodaboda, mama auzaye mboga, mtoto wa skuli. Mwenye kiwanja akishatoa sehemu yake moja katika kumi na barabara ikafika, mwezi wa pili atapandisha kodi. Mpangaji hakuwa na ardhi ya kutoa, na sasa anatoa kila mwezi, mpaka atakaposhindwa ahamie mahali pengine pasipo na mpango, akachimbe choo karibu na kisima cha mwingine. Tukifanya hivyo hatukuiondoa dhara, bali tumeihamisha. Kwa hiyo twaona kwamba mpango wowote usiomtaja mpangaji ni mpango wa nusu. Apewe habari mapema, aketi barazani kama mwenye nyumba aketivyo, na katika ardhi itakayopatikana itengwe sehemu ya nyumba za kodi ndogo zisizoweza kuuzwa kwa bei ya ulafi. Sisi twalijua jambo la namna hiyo tangu zamani, na jina lake ni wakfu: mali iliyofungwa isiuzwe, na faida yake ikaenda kwa wahitaji. Hapana kinachozuia mji wa leo kulitumia wazo hilo kwa watu wake wote, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Liko jambo jingine. Langas ni mtaa wa makabila mengi, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika huko. Majirani waliogopana na wengi wakakimbia. Hatusemi kwamba ghasia zile zilizaliwa na viwanja peke yake. Lakini mtu asiye na hakika ya mahali alalapo humwona kila mgeni kuwa ni mnyang'anyi wake, na mchochezi hana haja ya kusema maneno mengi kwa mtu kama huyo. Kumhakikishia kila mmoja alipo, kwa hati isiyotegemea nani ameshinda uchaguzi, ni kazi ya amani kabla ya kuwa kazi ya ardhi. Kwa hiyo twaona kwamba hati itangulie, ndipo ije njia. Anayeanza kwa tingatinga na kuahidi hati baadaye, ameianza kazi kwa mwisho wake.

Msomaji atauliza: na nani atawaamini wakubwa? Ni swali la haki. Viwanja vya wote katika miji yetu vimekwisha kumegwa mara nyingi na wale wale waliowekwa kuvilinda. Jawabu letu ni kwamba sheria imekwisha toa chombo, nasi hatukishiki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya makao yafaayo, usafi na maji safi. Sheria ya miji ya 2011 imeweka mabaraza ya wakaaji. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 yataka mipango iwekwe mbele ya watu, nao wapate kuipinga. Lakini baraza likiitwa huenda watu kumi, na tisa kati yao ni madalali wa ardhi. Kisha tukaona mawe ya mipaka yamewekwa ndipo tupige kelele. Ukaguzi wa masoko na njia, ambao wazee wetu waliuita hisba, ulikuwa na mtu wake maalumu. Leo mtu huyo ni kila aliye na miguu ya kufika barazani.

Wala mtu wa Mombasa asidhani kwamba tunasema ya watu wa mbali. Hapa kwetu wako maelfu wenye nyumba zisizo na ardhi: kuta ni zake, na chini ni kwa mwingine, na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja alichozaliwa juu yake. Mtu wa Langas mwenye karatasi ya mapatano na mtu wa Majengo mwenye risiti ya kodi ya ardhi ni ndugu katika shaka moja. Na Likoni na Kisauni zinajaa leo kwa namna Langas ilivyojaa jana. Tofauti ni hii tu, kwamba sisi tumekwisha kuona mwisho wa jambo, wala hatuna udhuru wa kusema hatukujua.

Basi likija baraza la mpango katika mtaa wako, ewe ndugu, nenda. Uliza mambo matatu tu: njia hii itapita wapi, nani atakayepoteza, na nani atakayefaidika kwa kupoteza kwake. Ukijibiwa mawili na la tatu likafichwa, usitie sahihi. Na ukiwa wewe ndiwe ufaidikaye, nawe umeulizwa sehemu yako moja katika kumi, basi itoe kabla hujalazimishwa, kwani njia ile haipiti kwako wewe peke yako. Watapita wajukuu wa watu usiowajua, nao watakuwa majirani wa wajukuu wako.